Kulabu ya Mgongoni

Kinyozi,
Duka la pili kutoka ghala la mbao,
Mlango wa bluu.

Kwa Mhariri,
Safu ya "Kisu cha Msimu",
Jarida la Wawindaji Wenye Leseni.

Ndugu Mhariri,

YAH: NENO LAKO MOJA LILILONIVURUGIA UKWENI

Salamu zikufikie hapo ofisini kwenu, wewe pamoja na wote mnaoshinda mkitushauri vifaa vya kununua. Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, na nyembe zangu zote ni nzima. Kisicho kizima ni heshima yangu, na kwa ajili hiyo nimekigeuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba nimefunga, kumbe niko humu ndani, nimekaa kwenye kiti cha wateja, nakuandikia kwa adabu zote.

Mimi si mtu wa kulalamika. Kazi yangu ni kusikiliza malalamiko ya watu huku nimewashika vichwa, na mtu wa kazi hiyo akianza kuwa na malalamiko yake, wateja wanahamia kwa mwingine. Lakini hili limenikaa kooni, halishuki wala halitoki, na aliyeliweka hapo ni wewe.

Kabla sijaanza kuhesabu, nikueleze hali ya ukweni ili uelewe ukubwa wa hasara.

Nimeoa binti wa fundi bomba mstaafu. Tangu siku ya harusi hadi leo mzee huyo huniita "Bwana Kinyozi". Kaka wa mke wangu, ambaye ni muuza matairi, huitwa "mwanangu", na hilo silipingi kwa sababu ni mwanawe kweli. Lakini hata fundi aliyekuja kuziba bati la jikoni aliitwa "mwanangu", na bati lenyewe linavuja mpaka leo. Mimi kila mwezi naenda barazani kwake na mkoba wangu, namnyoa, nampangusa masikio, nampaka poda shingoni, naye ananiambia, "Asante, Bwana Kinyozi," utadhani tumekutana stesheni. Dukani kwangu hajawahi kukanyaga. Ndugu Mhariri, nasema wazi kwamba inaniuma. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa sijaota ndevu, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyewahi kuniita "mwanangu".

Sasa, kila msimu baba mkwe na shemeji yangu huchukua leseni ya kulungu, wakaenda porini kwa gari la shemeji. Mzee ndiye mpiga risasi na ndiye mpasuaji. Mnyama akianguka, yeye humpasua na kumtoa matumbo pale pale, kabla joto halijaiharibu nyama. Msimu huu vidole vyake vimekakamaa. Akiwa mezani kwake, mbele yetu sote, alitangaza kwamba kupiga bado ataweza, ila kupasua anamwachia mtu mwingine. Shemeji akajiweka sawa kitini. Mzee akamwangalia, akaniangalia na mimi, akasema, "Bwana Kinyozi ana mkono uliotulia. Atafute kisu kizuri, aje tumwone." Furaha iliyonipata ilinifanya nimwage chai yote kwenye kitambaa cheupe cha mama mkwe. Likumbuke hilo la chai, maana litarudi.

Habari za visu sikuzijua. Najua wembe, najua mkasi, najua mashine. Nyama naijua ikiwa imeshafungwa kwenye gazeti. Kwa hiyo nilifanya kama afanyavyo mtu mwenye akili, nikatafuta wataalamu. Hapa dukani kuna rundo la majarida yenu ambayo mke wangu huniletea kutoka kwao, mzee akishamaliza kuyasoma, ili wateja wapitishe muda. Katika toleo la msimu uliopita nikakuta makala yako ya kuchagua kisu chenye kulabu. Ukurasa ulikuwa umekunjwa pembeni, na chini ya sentensi moja mtu alikuwa amepiga mstari mnene wa penseli. Nikajua ni mteja fulani asiyeheshimu vitu vya watu, nikaendelea kusoma.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Uliandika kwamba bapa la kisu cha kupasulia "lisizidi urefu wa kiganja", kwa sababu kisu kirefu hufika ndani ya mnyama mahali ambapo macho ya mwindaji hayafiki. Ushauri ni mzuri, ila hukusema kiganja cha nani. Kule kwenye duka la visu muuzaji alipima kwa kiganja chake, na yule bwana ana kiganja cha kubebea matofali. Nilipofika nyumbani nikapima kwa changu, kisu kikapitiliza hadi kwenye saa. Hili nalisamehe. Nimeliweka la kwanza ili uone kwamba uwezo wa kusamehe ninao.

2. Uliandika pia kwamba kulabu iwe na mdomo mpana. Kulabu hiyo, kwa faida ya wasomaji wako wasiokifahamu kisu hiki, ni kijino kilichopinda karibu na ncha, upande ule usio na makali. Ukali wake uko ndani ya pindo tu, nje ni butu. Unakiingiza chini ya ngozi, unavuta, ngozi inafunguka kama zipu na matumbo yaliyo chini yake hayaguswi. Ulisema mdomo ukiwa mwembamba utajaa manyoya. Hilo nililisoma vizuri kabisa. Lakini muuzaji aliniambia kwamba mwembamba ndio mkali, na mimi, kwa kuwa ni mtu wa makali, nikaona huyu ananielewa kuliko wewe. Sasa kosa hapo ni la nani? Iweje uandike ukweli kwa sauti ndogo kiasi hicho, hata muuza visu mmoja anaweza kuuzima? Ungeweka herufi kubwa.

3. Hapa ndipo penyewe, naomba ukae vizuri.

"Kazi ya kupasua huanzia mgongoni, kwa kulabu, na si kwa makali." Hiyo ndiyo sentensi yako, ndiyo ile iliyopigiwa mstari wa penseli, na sasa nimeikariri kuliko namba yangu ya simu. Wewe moyoni mwako ulikuwa na maana ya mgongo wa kisu. Lakini hukuandika "wa kisu". Uliuacha mgongo ukining'inia hewani hauna mwenyewe. Naomba nikuulize kwa heshima: kati ya kisu na kulungu, ni yupi ambaye mtu mwenye akili timamu angedhani ndiye mwenye mgongo?

Tena kitaaluma ilinikaa vizuri. Sisi vinyozi huanzia kisogoni. Mteja anakaa, unamfunga shuka, unamwinamisha kichwa, unaanza nyuma kwenda mbele, kwa sababu nyuma ndiko ambako ukikosea mwenyewe haoni. Nikajisemea, kumbe wawindaji nao ni watu wa utaratibu. Na ile hofu ya kutoboa matumbo ikaisha yenyewe. Ukianzia mgongoni matumbo utayatobolea wapi, wakati yako upande wa pili kabisa?

Siku ikafika. Mzee alipiga mara moja, kulungu akaanguka penye nyasi fupi. Shemeji akamshika miguu ili amgeuze chali. Nikamwambia, kwa upole wa mtaalamu, "Mwache, shemeji. Mlaze kifudifudi." Akanikodolea macho. Kisha akamlaza kifudifudi, maana ukweni mtu akizungumza kwa uhakika hasumbuliwi. Nikapiga magoti kwenye kisogo cha kulungu, nikaingiza kulabu, nikavuta.

Haikwenda. Ngozi ya mgongo ni nene, manyoya yake ni mengi, na kulabu yangu nyembamba (rejea namba 2) ikajaa papo hapo. Mtu mwingine hapo angechanganyikiwa. Mimi nilitoa kitana kwenye mfuko wa shati, nikamchana kulungu. Kulabu ilipogoma tena nikatoa wembe, nikamnyoa mstari mmoja kutoka kisogoni hadi mkiani, nikapuliza manyoya, nikapangusa kwa leso. Ndugu Mhariri, kwa upande wa unyoaji ile ilikuwa kazi safi. Sijawahi kupitisha mstari ulionyooka kama ule kwenye kichwa cha binadamu, kwa sababu kulungu hatikisiki wala hazungumzi siasa.

Nilipoinua macho, shemeji alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mkono mmoja asianguke, na mkono wa pili ulikuwa umenielekezea simu. "Poda, shemeji," alisema kwa shida. "Umesahau poda. Atawashwa!"

Baba mkwe hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama kisu, akatazama kisu mara ya pili, kisha akageuka akaenda kukagua upepo wa tairi la nyuma. Hilo ni tairi ambalo muuza matairi mwenyewe alikuwa amelijaza asubuhi ile. Alichuchumaa huko muda mrefu, ametupa mgongo. Afadhali angecheka.

4. Uliandika kwamba mpini uwe wa rangi kali, ikiwezekana ya chungwa, ili kisu kisipotee nyasini. Nilikutii. Baada ya hayo ya namba 3, nilikitupa kisu nyasini kwa siri na kwa nguvu zangu zote. Shemeji alikiona kabla hakijatua. Akakifuata, akakirudisha kwa mikono miwili, amekunja magoti kidogo kama mtu anayemkabidhi zawadi mgeni rasmi, akasema, "Umeangusha, Bwana Mgongo." Jina hilo lilizaliwa pale, na mkunga wake ni wewe. Mpini wa kahawia ungeniokoa.

5. Sasa sikia upendeleo. Shemeji alichukua kisu chake cha kawaida, kisicho na kulabu wala makala, akamgeuza kulungu chali, akazamisha ncha kwa mbwembwe na kutoboa matumbo. Harufu iliyotoka pale ilitufukuza hadi upande wa pili wa gari, na sehemu nzuri ya nyama ikabidi itupwe. Je, kuna mtu aliyemwita Bwana Tumbo? Hakuna. Kumbe mtu akiharibu mahali panapostahili anaheshimika. Mimi ambaye sikutoboa hata kitundu, na nikamwacha mnyama yuko nadhifu kuliko alivyokuja, ndiye kichekesho. Naomba jarida lako litoe msimamo.

6. Ile picha imesambaa. Imefika ghala la mbao, imefika sokoni, imefika kwa mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, ambaye alikaa kitini, akanyamaza mpaka nikamaliza kumfunga shuka, ndipo akaniuliza kwa uso mkavu kama abaki amekaa au alale kifudifudi. Mwingine alileta mbuzi. Alimfunga kwenye kitasa cha mlango wangu wa bluu, akasema mnyama wake anataka kupunguzwa pembeni tu, juu aachwe. Na siku hizi kila anayeingia ananiambia neno moja: "Mimi anzia mbele, tafadhali." Basi naanzia mbele, kinyume na mazoea yangu yote, na mkono nao umepotea njia. Juzi nimemwachia muuza maziwa kipara kidogo juu ya sikio. Alikubali kuvaa kofia, lakini hakufurahi.

7. Nilikwenda kwa mama mkwe kuomba radhi, nikiwa nimekibeba kile kisu ili nimweleze vizuri kosa lilipo. Alifungua mlango, akaniona, akauona mpini wa chungwa, akajishika kiuno na kucheka mpaka akakalia kreti la soda. Alipopata pumzi akasema, "Na wewe tena?" Kisha akamtazama mumewe, akaingia ndani, na huko nikamsikia anaanza upya.

Neno hilo "tena" limeniumiza sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika mnyama maishani, sasa "tena" inatoka wapi? Nimetafakari sana hadi nikagundua ni ile chai. Kumbe kwa mama mkwe mimi ndiye yule aliyemwaga chai kwenye kitambaa cheupe, na sasa huyu tena kanyoa kulungu, na yote ameyaweka kwenye fungu moja. Na baba mkwe, aliyekuwa amekaa pale pale barazani, aliinuka bila kuniangalia, akasema anakwenda kutazama bomba la uani. Bomba la uani alilifunga yeye mwenyewe na halijawahi kuvuja.

8. Tangu hapo hajaniita. Zamu yake ya kunyolewa imepita. Nimemwona kwa mbali akitoka kwenye duka la vifaa vya mabomba, nywele zimemshukia masikioni, na badala ya kuvuka barabara kuja upande wangu alisimama kusoma tangazo la gesi. Jumamosi hii ndiyo safari ya mwisho ya msimu. Mke wangu ameniambia kwamba siku hiyo mzee atamtaja atakayekuwa mpasuaji wake moja kwa moja. Nikikosa Jumamosi, nimekosa. Shemeji atachukua na hiyo nafasi, kama alivyochukua kiti cha mbele garini na ile picha, mimi nitabaki Bwana Kinyozi barazani na Bwana Mgongo kwingine kote. Nakuambia ukweli, Ndugu Mhariri, hili ndilo lalamiko langu. Yale saba ya juu nimeyaandika ili lisije kwako peke yake.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na naamini utaona hayajazidi kiasi:

(a) Uchapishe masahihisho kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: NI MGONGO WA KISU.

(b) Kama masahihisho ni aibu kwa jarida, basi fanya kinyume chake, mimi sina ubishi. Tangaza kwamba sentensi ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba kuanzia sasa kulungu wote wapasuliwe kwa kuanzia mgongoni. Hapo mimi nitakuwa sijakosea, nitakuwa nimetangulia. Shemeji ndiye atakayekuwa amechelewa.

(c) Wenye viwanda wakemewe. Kisu kina ncha, kina makali, kina mpini, kina ala ya kukihifadhia. Mgongo ni wa nini tena? Watengeneze kisu kisicho na mgongo, chenye makali pande zote. Watu watajikata, ndiyo, lakini hakuna atakayepotea.

(d) Wakubwa wa lugha wakutane. Lugha pana namna hii, halafu kisu, kitabu, mlima na kulungu wote wanachangia mgongo mmoja kama ndugu wanaochangia taulo! Kisu kitafutiwe neno lake. Mpaka litakapopatikana, neno "mgongo" lisimamishwe kwa muda, na akina mama wabebe watoto kifuani.

(e) Kulabu zote zipigwe marufuku, zikiwemo za kutundikia makoti, kwa tahadhari.

(f) Na kama hayo yote hayatawezekana kabla ya Jumamosi, basi nifanyie moja tu. Mwandikie baba mkwe. Barua fupi itatosha. Mwambie kwamba mkwe wake alisoma kilichoandikwa, akatenda alichosoma, na kwamba kosa ni lako wewe Mhariri. Mwambie mkono wake umetulia. Hilo mzee mwenyewe alikwisha kulisema, unamkumbusha tu.

Natanguliza shukrani. Nisalimie mpiga chapa, mtu wa mapokezi, mhasibu, na yule anayewachorea ile michoro midogo ya visu. Mwambie siku nyingine achore na kulungu pembeni, aweke mshale. Mke wangu anakusalimu. Ameisoma barua hii akasema ni ndefu. Mwalimu mstaafu anakusalimu, na mwenye mbuzi pia. Shemeji sijamwambia kwamba naandika, kwa hiyo yeye hakusalimu.

Ni mimi, mwenye mkono uliotulia na roho isiyotulia,

Kinyozi wa mlango wa bluu
(siye Bwana Mgongo)

Nyongeza:

Ndugu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi. Nimeifungua kwa ile kulabu ili niongeze haya, nayo ikafunguka kwa mvuto mmoja, na barua ndani haikuguswa. Nalazimika kukiri hivyo.

Hali imebadilika. Nilipokuwa nabandika stempu, mlango uligongwa licha ya kibao. Alikuwa baba mkwe, nywele zimefunika nusu ya masikio, amevaa koti kwenye jua lote hili. Aliingia, akafunga komeo mwenyewe, akalitazama duka langu kwa mara ya kwanza: kioo, kiti, chupa za poda. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye rundo la majarida, akachomoa toleo la msimu uliopita, akalifungua kwenye ukurasa uliokunjwa bila kupekua. Nyuma ya sikio lake palikuwa na penseli, ile nene ya mafundi.

Nilitaka kuzungumza, akanyoosha mkono nisubiri. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kisu chenye mpini wa rangi ya chungwa, akakiweka juu ya meza karibu na changu. Vilikuwa pacha.

"Msimu uliopita," alisema, akiangalia chupa za poda. "Vidole vilikuwa vimeanza kugoma, nikaona labda hiki kitanipunguzia kazi. Nikasema nikijaribu kwanza uani. Tulikuwa tumechinja mbuzi wa mama yako." Akageuza chupa moja ikaangalia ukutani. "Nikamlaza kifudifudi."

Nikamuuliza ilikuwaje, yeye aliyepasua wanyama maisha yake yote.

"Imeandikwa!" akasema kwa hasira kabisa. "Wataalamu wameandika, mgongoni. Nikajiambia labda mambo yamebadilika, labda sisi wa zamani tulikuwa tunakosea. Mama yako alinikuta nimefika katikati."

Hapo ndipo nilipoelewa ile "tena". Naiondoa rasmi kwenye malalamiko, chai haihusiki. Na kule kwenye tairi alikuwa hanidharau, alikuwa anajificha ili mwanawe asimsome usoni. Nilianza kucheka mimi, kwa woga, kisha akacheka yeye, na nikaona ana pengo upande wa kushoto ambalo kwa miaka yote niliyomshika kidevu sikuwahi kuliona. Tulicheka mpaka mtu wa duka la jirani akagonga ukuta. Kisha tukasoma sentensi yako pamoja, pole pole, tukageuza kisu, tukautazama mgongo wake. Jumamosi nitapasua mimi, yeye atanishikia ngozi, na kulungu atalala chali. Shemeji haambiwi kitu.

Kwa hiyo nakuomba upuuze kuanzia (a) hadi (f). Usisahihishe hata nukta. Sentensi ile iache kama ilivyo na uirudie kila msimu, huenda kuna mkwe mwingine mahali fulani anaihitaji. Barua naituma hata hivyo kwa sababu stempu nimeshaibandika.

Naishia hapa, mteja ananisubiri. Ameshakaa kitini na shuka nimeshamfunga. Nimemuuliza, kwa mazoea ya siku hizi, kama nianzie mbele. Ameinamisha kichwa, amenionyesha kisogo chote.

"Anzia mgongoni, mwanangu," amesema.